Orodha Isiyofungwa: Usawa wa Kisheria na Majirani Zetu wa Kisii na Nyamira

(Mhadhara uliotolewa mjini Kisii mbele ya mawakili, walimu, viongozi wa dini na wananchi)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliosafiri kutoka Manga, Ogembo na Keroka, wachungaji na mapadre, mama zetu, mawakili wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama pale nyuma kwa kukosa viti: najua baadhi yenu mlionywa msije, na wengine mmekuja ili mnisikie kwa masikio yenu kabla ya kunikatalia. Nyote nimewapokea kwa moyo mmoja.

Kusudi langu nitalitaja mapema, mtu asije akasema baadaye kwamba nililificha. Nataka sheria za Kenya zinazokataza ubaguzi kazini, kwenye nyumba za kupanga, hospitalini na shuleni ziwataje waziwazi watu wanaobaguliwa kwa sababu ya mwelekeo wao wa kimapenzi au utambulisho wao wa kijinsia. Sikuja kuzungumzia ndoa. Kifungu cha 45 cha Katiba kinasema mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti na yake, na leo sikigusi. Nazungumzia mshahara, mlango wa nyumba, foleni ya zahanati, na usalama wa mtu anaporudi kwake usiku.

Kabla ya hoja, tuelewane juu ya maneno. Mwelekeo wa kimapenzi ni habari ya mtu huvutiwa na nani. Utambulisho wa kijinsia ni habari ya mtu kujijua kuwa mwanamume au mwanamke, hata pale cheti chake cha kuzaliwa kinaposema vingine. Huntha ni yule aliyezaliwa na maumbile ambayo mkunga hawezi kuyaweka upande mmoja. Haya ni mambo matatu mbalimbali, lakini pale Daraja Mbili siku ya soko watu wote hawa huitwa kwa tusi moja. Hata neno lenyewe tumeliharibu. Pwani, wanawake marafiki wakipendana huitana shoga, na hakuna anayeona vibaya. Neno hilo hilo likifika huku bara limekuwa jiwe la kurushia watu.

Hoja ya kwanza: orodha ya wanaolindwa imekuwa ikiongezeka tangu zamani.

Mama yangu alichuna majani chai Nyamira miaka mingi, akasomesha watoto, akapiga kura kila mara alipoitwa. Lakini Katiba ya zamani, katika sehemu ya 82, ilikataza ubaguzi wa kabila, wa rangi, wa itikadi, na wa mahali mtu alikotoka, huku neno jinsia likikosekana. Liliingizwa mwaka 1997. Fikirini jambo hilo, mama zetu. Kwa miaka zaidi ya 30 baada ya Uhuru, mwanamke Mkenya hakuwa ametajwa katika kifungu kile kilichokataza ubaguzi. Na wakati huo wako waliosema kumtaja kungevunja nyumba na kuharibu mila.

Mwaka 2006 ikaja sheria ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi, ikakataza kumbagua mtu kwa sababu ya virusi. Wengi humu tunakumbuka hali ilivyokuwa kabla yake: sahani ya mgonjwa iliyotengwa jikoni, na mwalimu aliyeacha kazi kwa minong'ono ya chumba cha walimu. Mwaka 2010 tukapata Katiba mpya, na Kifungu cha 27 kikawataja wengi zaidi: wajawazito, walemavu, watu wenye hali fulani ya afya, watu wa umri wowote, hata mavazi na lugha. Kabla ya orodha hiyo kuanza, Katiba inasema kwamba Serikali haitambagua mtu kwa msingi wowote, ikiwemo hii ifuatayo. Neno hilo, ikiwemo, ndilo lililobeba mhadhara wangu wote. Kifungu cha 259 kinaeleza kwamba neno hilo halifungi orodha. Waliotuandikia Katiba waliacha mlango wazi kwa makusudi, kwa sababu walijua kesho kutakuja mtu ambaye leo hatujamfikiria.

Hoja ya pili: ulinzi huu hautolewi kwa kigezo cha mtu kuzaliwa hivyo.

Nimesikia mara nyingi: huntha tumemkubali, Mungu ndiye aliyemuumba, lakini hao wengine wamechagua wenyewe. Sitabishana leo juu ya nani amezaliwa vipi, ingawa kila niliyezungumza naye ameniambia kwamba hakuna siku aliyokaa akachagua. Nauliza jambo jingine. Dini je? Mtu anaweza kuzaliwa Mkatoliki akabatizwa Muadventista akiwa na miaka 40, na Kifungu cha 27 kinamlinda siku zote mbili.

Ndugu zangu Waadventista, ambao katika kaunti hizi mbili ni wengi kuliko karibu mahali pengine popote nchini, mnaijua habari hii kuliko mimi. Watoto wenu katika baadhi ya shule walilazimishwa kuingia darasani Sabato. Kanisa lenu likaenda kortini, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema shule hazina budi kuwapa watoto hao nafasi ya kuabudu. Mahakama haikuuliza kama Jumamosi ndiyo siku ya kweli ya ibada. Haikuwataka Wakatoliki wakubaliane nanyi. Ilisema tu kwamba mtoto asipoteze elimu kwa kuwa alivyo. Ulinzi wa aina hiyo ndio ninaouombea mtu mwingine. Sheria kumlinda jirani hakumaanishi kwamba mchungaji wake amebariki maisha yake.

Hoja ya tatu: sisi Abagusii tunajua kinachotokea tuhuma inapokaa mahali pa sheria.

Hapa naomba mnivumilie, maana nitataja jambo linalotuaibisha. Mei 2008, katika kijiji cha Nyakeo, umati wa watu ulizunguka nyumba kwa nyumba usiku na kuwachoma moto wazee 11, wengi wao wanawake, kwa madai kwamba walikuwa abarogi, yaani wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, akina mama wazee wanne wakauawa kwa madai yale yale. Kati ya miaka hiyo miwili wako wengine ambao hawakuandikwa gazetini.

Nimeketi na jamaa za watu waliouawa hivyo. Wanasema jambo moja. Tuhuma ya uchawi haina ushahidi unaoweza kuikanusha. Ukilia, unajifanya. Ukinyamaza, umekubali. Ukiwa mjane mwenye shamba zuri karibu na barabara, basi sababu imepatikana. Walioanza kuwasha kiberiti walikuwa vijana wa kijiji, wengine wakiwa wamebebwa mgongoni utotoni na bibi wale wale. Na majirani waliobaki ndani hawakuwa watu wabaya. Waliogopa kwamba anayemtetea mchawi ataitwa mchawi.

Sasa nawaomba mpime. Kijana anayetuhumiwa kwamba anapenda wanaume wenzake anaikanushaje tuhuma hiyo? Msichana anayevaa suruali, anayenyoa nywele, asiyetaka mume, atatoa ushahidi gani? Tuhuma ni ile ile, woga wa jirani ni ule ule, na umati haubagui tuhuma ya kweli na ya uongo. Sisemi hawa ni wachawi, wala sisemi wale wazee walikuwa wachawi. Nasema wote wameachwa mahali ambapo neno la mtu mmoja linatosha kuwamaliza. Yeyote anayechukizwa na moto wa Nyakeo, nami nimeona nyuso zenu zinavyochukizwa, amekwisha kukubaliana nami kuhusu nusu ya mhadhara huu.

Iko tofauti moja, nayo inauma. Ajuza wa Marani, kama angetoroka, angeweza kukimbilia kituo cha polisi. Kijana ninayemsema anaogopa hata kufika hapo. Kanuni ya Adhabu, katika sehemu za 162 na 165, inatishia kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo na miaka 5 kwa kile inachokiita uchafu baina ya wanaume. Akiingia kituoni damu ikimtoka, swali la kwanza huwa ni kwa nini alipigwa. Akijibu kweli, mlalamishi amegeuka mshukiwa. Kwa hiyo hajibu. Hukaa nyumbani, jeraha likioza, na aliyempiga hupita barabarani akipiga mluzi.

Nitawasimulia kisa kimoja, nikiwa nimeficha kila kitu ambacho kingemtambulisha mhusika. Fundi cherehani mmoja alifika ofisini kwangu jioni akiwa na mashine yake ya kushonea kwenye mkokoteni. Mwenye nyumba alikuwa amemng'olea mlango. Kodi alikuwa amelipa. Alinionyesha ujumbe wa simu. Kosa lake lilikuwa maneno ya mpangaji jirani. Nilimweleza kwamba Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi hata wa mtu binafsi kwa mtu binafsi. Nikamweleza kwamba ingetubidi tuwasilishe ombi la kikatiba katika Mahakama Kuu, na kwamba jina lake na sababu ya kesi vingesomwa mbele ya watu. Alinitazama, akauliza mlango ungerudi lini. Sikuwa na jibu. Asubuhi alipanda matatu ya Nakuru, na mji huu ukapoteza fundi hodari wa sare za shule.

Hoja ya nne: wanaosema si mila yetu waitazame sheria hiyo ilikotoka, na waitazame mila yenyewe.

Sheria ile ya miaka 14 haikutungwa na etureti, baraza la wazee wetu. Waingereza waliiandika kwanza kwa ajili ya India mwaka 1860, wakaileta Afrika Mashariki mwaka 1897 pamoja na kanuni nyingine za India, kisha wakaiweka katika Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930. Mwaka 1908 shujaa wetu Otenyo alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa Kiingereza, huku Moraa akiwahimiza vijana wa Kitutu wakatae utawala wa wageni. Tunaimba sifa za Otenyo, na tunaishikilia sheria ya Northcote kama urithi wa babu. Uingereza yenyewe ilianza kuiondoa kwake mwaka 1967. India iliacha kuitumia kwa watu wazima waliokubaliana mwaka 2018.

Wazee watasema, na mzee mmoja alinidokezea mlangoni, kwamba kuzungumza mambo haya hadharani ni kuvunja chinsoni. Nakubali nusu ya neno lake. Chinsoni ni heshima na haya baina ya mzazi na mwana, na ndiyo inayomkataza baba kuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kwa nini asiingie? Kwa sababu kitanda cha mtu mzima si mahali pa macho ya mtu mwingine, hata yawe macho ya baba aliyemzaa. Basi nani amevunja chinsoni zaidi, mimi ninayesimama hapa, au sheria inayomtuma askari chumbani? Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa huko Kwale na kulazimishwa kuvua nguo ili daktari awapime sehemu za siri, eti apate ushahidi. Mahakama ya Rufaa, ikiketi Mombasa Machi 2018, ilisema vipimo hivyo ni kinyume cha Katiba. Ningemuuliza mzee yeyote wa hapa, kwa chinsoni ile anayoijua, kama angekubali kijana wake atendewe hivyo kwa kosa lolote.

Iko pia mila ya mwanamke kuoa mwanamke, ambayo Abagusii wanaijua. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume, mama mwenye nyumba aliweza kulipa mahari na kuleta msichana, watoto wa msichana huyo wakarithi jina na shamba. Baadhi ya wanaharakati hutumia desturi hii kama ushahidi kwamba mapenzi ya jinsia moja yalikuwa mila. Mimi sifanyi hivyo, kwa sababu si kweli; ndoa ile ilikuwa ya urithi na uzao. Lakini inatufundisha kwamba babu zetu walipoona mtu anaelekea kuachwa nje ya ukoo, bila jina wala ardhi, walitafuta njia ya kumwingiza ndani.

Hoja ya tano: mahakama zimekwisha kutuonyesha njia, lakini mwananchi hawezi kuachiwa mahakama peke yake.

Nitapita upesi hapa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliagiza baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, cheti kipya chenye jina lake la sasa na kisicho na alama ya jinsia. Mwaka huo huo Jaji Isaac Lenaola aliamua kesi ya Mtoto A, aliyezaliwa mwaka 2009, ambaye katika karatasi zake za hospitali, mahali pa jinsia, iliwekwa alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza, ndugu zangu, mahali pa mtoto. Kutokana na kilio cha namna hiyo, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamtambua mtoto huntha na kusema atendewe kwa heshima. Agosti 2025, huko Eldoret, Jaji Reuben Nyakundi aliamuru Serikali imlipe shilingi milioni moja mtu aliyebadili jinsia ambaye alidhalilishwa akiwa kizuizini, akaiagiza Serikali ianzishe Bungeni sheria ya kuwalinda watu kama yeye.

Hukumu kubwa zaidi ni ya Februari 24, 2023. Eric Gitari alikuwa ametaka kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, bodi ikamkatalia. Alikwenda kortini mwaka 2013. Alishinda mwaka 2015, akashinda tena katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2019, na ndipo Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa mwisho, majaji watatu kwa wawili. Majaji Mwilu, Wanjala na Njoki Ndung'u walisema neno jinsia katika Kifungu cha 27 linabeba pia mwelekeo wa kimapenzi. Majaji Ibrahim na Ouko walipinga, na sababu zao zinastahili kusomwa. Marekani ilikuwa imefika mahali pale pale mwaka 2020, pale Mahakama yake ya Juu iliposema kwamba sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, inayokataza ubaguzi wa jinsia kazini, inamlinda pia shoga na aliyebadili jinsia. Afrika Kusini haikuhitaji tafsiri ya jaji: Katiba yake ya mwaka 1996 inautaja mwelekeo wa kimapenzi kwa jina.

Sasa hesabuni. Kutoka 2013 hadi 2023 ni miaka kumi ya kutafuta ruhusa ya kuandikisha jina la shirika. Gitari ni msomi wa sheria, na alikuwa na mawakili nyuma yake. Fundi wangu alikuwa na mkokoteni. Ndiyo sababu nataka neno liandikwe katika sheria ya Bunge. Sehemu ya 5 ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ina orodha yake ya misingi ya ubaguzi: rangi, jinsia, dini, ulemavu, ujauzito, virusi vya Ukimwi na mingineyo. Maneno mawili yakiongezwa hapo, ofisa wa leba wa Kisii hatahitaji kusubiri Mahakama ya Juu. Atafungua kitabu.

Sidanganyi kwamba upepo unatuelekea. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta sehemu za 162 na 165. Uganda ilitia saini sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja Mei 2023, na mwaka huo huo mbunge wa Homa Bay Mjini, jirani yetu, aliandaa mswada wa kufanana nayo. Mtu akiuliza kwa nini niseme haya wakati kama huu, jibu langu ni kwamba fundi aling'olewa mlango wakati kama huu.

Na tusingoje Nairobi kwa kila jambo. Katiba imezipa kaunti zahanati na hospitali zake. Mabunge ya kaunti za Kisii na Nyamira yanaweza kutunga sheria ya afya inayosema kwamba mgonjwa yeyote anayefika zahanati atahudumiwa bila kuulizwa analala na nani, na kwamba siri yake haitatoka nje ya chumba cha daktari. Bodi za uajiri za kaunti zinaweza kuandika hivyo katika kanuni zao. Mawakili wenzangu, tugawane zamu ili kila mwezi pawepo mmoja wetu anayepokea kesi za namna hii bila malipo, na kikao cha kwanza tukifanye kabla ya mwezi huu kwisha. Wachungaji, sitawapangia mahubiri. Naomba tu kwamba mtu akikimbilia kanisani usiku akifukuzwa na umati, mfungue kwanza, maswali yafuate.

Namalizia kwa hesabu ndogo. Usiku wa Agosti 24, 2019 Kenya ilihesabu watu wake, na kwa mara ya kwanza ikawahesabu huntha. Walipatikana 1,524 nchi nzima. Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na kati yao huntha 38. Nyamira ilikuwa na watu 605,576, na kati yao huntha 13. Tuwachukue hao 51 tu, maana ndio walioweza kutajwa. Wale wa mwelekeo na wa utambulisho hakuna karani aliyewauliza, na wangeulizwa wasingejibu.

Mtoto wa aina hiyo aliyezaliwa Nyamira wiki ile ya sensa atatimiza miaka 18 Agosti 2037. Atakwenda kuomba kitambulisho. Atapita kwa chifu, atasimama mbele ya karani, na karani atatazama uso wake, kisha cheti, kisha uso tena. Karani huyo leo bado ni mwanafunzi. Pengine ni mmoja wenu pale nyuma.

Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na waliosimama.